Nani Alilipa Nauli ya Wasichana?

Msichana wa sekondari anayecheza mpira wa pete Kamuli, wilayani Kyerwa, anaijua mipaka yake kabla filimbi haijalia. Akipangwa mlinzi wa goli, haruhusiwi kuvuka theluthi yake ya uwanja. Akiudaka mpira hawezi kukimbia nao wala kuudunda akasonga nao mbele, na sekunde tatu zikipita bila kutoa pasi mwamuzi anaupeleka upande wa pili. Wengi wetu Kagera tumeukuta mchezo huu shuleni, ukichezwa kwenye nguzo mbili zenye pete, bila ubao, tukadhani mpira wa kikapu ni ndugu yake wa mjini. Kihistoria ni mzazi wake. Ile mistari inayoukata uwanja mara tatu ilichorwa kwanza kwa ajili ya mpira wa kikapu wa wanawake, katika chuo cha wasichana cha Marekani, na mwalimu aliyejua kwamba mchezo ukionekana wa fujo utafungiwa.

Mwalimu huyo ni Senda Berenson, mzaliwa wa Lithuania, aliyefundisha mazoezi ya viungo katika chuo cha Smith, jimbo la Massachusetts. Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mjini Springfield, Desemba 1891. Springfield si mbali na Smith, na mwaka uliofuata Berenson alikuwa tayari anawafundisha wasichana wake. Machi 1893 wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakapambana na wa mwaka wa pili. Akaugawa uwanja sehemu tatu, akakataza kunyang'anyana mpira, akaweka ukomo wa kuudunda na wa kuushika. Hofu ya zama zile ilikuwa kwamba mwili wa mwanamke hauhimili mbio na msukumano, na kwamba binti akizoea ushindani atapoteza haya. Berenson hakuivunja hofu hiyo, aliizunguka. Miaka hiyohiyo mchezo ulivuka bahari hadi chuo cha walimu wa viungo cha Martina Bergman-Österberg nchini Uingereza, ukarekebishwa, na mwaka 1901 zikachapishwa sheria za kwanza za mpira wa pete. Kutoka huko ukasafiri na walimu wa kikoloni na wamisionari hadi kwenye shule za wasichana za Afrika Mashariki.

Naanzia huko kwa sababu historia ya mpira wa kikapu wa wanawake vyuoni husimuliwa mara nyingi kama historia ya makocha: nani alishinda mataji mangapi, nani alifukuzwa, nani akarithi. Makocha nawaheshimu, na watajaa katika simulizi hii. Lakini kila nilipofuatilia jambo hili nimeukuta uamuzi mkubwa ukifanyika kwenye chumba ambacho kocha hakuwemo. Kuna mtu aliyesaini au aliyekataa kusaini. Kuna aliyetoa ukumbi na aliyeufunga. Kuna aliyelipa nauli.

Tarehe 4 Aprili 1896, mjini San Francisco, wasichana wa Stanford waliwafunga wa Chuo Kikuu cha California 2–1. Ndiyo mechi ya kwanza ya wanawake kati ya chuo na chuo. Wanaume walizuiwa kuingia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1899, uongozi wa Stanford ulipiga marufuku timu za wanawake kushindana na vyuo vingine. Hakuna kocha aliyeshindwa hapo. Mchezo ulikuwa unakua, ofisi ikaukata.

Marufuku ya namna hiyo yalienea. Mwaka 1923 Lou Henry Hoover, ambaye mumewe Herbert alikuja kuwa rais wa Marekani, aliongoza kundi la viongozi wa elimu ya viungo waliotaka wanawake wacheze kwa afya na furaha, bila mataji, bila safari, bila tiketi za mlangoni. Wengi wao walikuwa wanawake wasomi wenye nia njema. Waliogopa wasichana wasigeuzwe bidhaa kama walivyoanza kugeuzwa wavulana. Matokeo yake vyuo vingi viliacha kugharamia timu za wanawake kwa karibu nusu karne.

Katika mji mdogo wa Cleveland, jimbo la Mississippi, palikuwa na msichana mrefu aliyeitwa Margaret Wade. Alijiunga na chuo cha ualimu cha Delta State, akaichezea timu yake miaka mitatu, akawa nahodha. Kabla ya msimu wake wa mwisho uongozi ukaivunja timu. Sababu iliyotolewa ni kwamba mchezo ulikuwa mzito mno kwa mabinti. Wachezaji walilia, wakazikusanya jezi zao wakazichoma moto. Wade alihitimu mwaka 1933, akaenda kufundisha sekondari, na kwa zaidi ya miaka ishirini alijenga timu za wasichana ambazo hazikuwa na chuo cha kwenda kuendelea. Mwaka 1959 alirudi Delta State kufundisha elimu ya viungo. Timu haikuwepo. Alikaa ndani ya chuo hicho miaka 14, mwalimu bingwa wa mchezo ambao mwajiri wake alikuwa ameufuta.

Msomaji wa Tanzania ana kumbukumbu yake ya jambo kama hili, na ya karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu na Utamaduni, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari yalisimamishwa nchi nzima. Walioipinga hatua hiyo walisema kipaji kitakosa pa kuonekana, na ndivyo ilivyokuwa. Serikali ya awamu ya nne iliyarudisha mashindano hayo, na leo UMITASHUMTA na UMISSETA yanachezwa tena. Ila mtoto aliyekuwa kidato cha kwanza mashindano yaliposimama alikuwa amemaliza shule yaliporudi. Mwalimu wa michezo naye alikuwa amepangiwa vipindi vingine, na hakuna aliyerithi ujuzi wake. Wavulana walibaki na vilabu vya mpira wa miguu mitaani na vijijini. Kwa msichana wa wilaya kama Karagwe ya wakati ule, kabla Kyerwa haijakatwa kutoka kwake mwaka 2012, shule ndiyo ilikuwa timu pekee. Shule ikikunja jamvi, anarudi shambani kwenye kahawa na migomba, na hakuna anayejua alikuwa na mkono gani. Ndiyo maana jezi zilizochomwa Mississippi hazionekani kwangu kuwa habari za mbali.

Mlango ulifunguliwa na sheria. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Richard Nixon alisaini sheria ya elimu yenye kifungu kinachojulikana kama Title IX: mtu yeyote asinyimwe nafasi katika masomo au shughuli za taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kwa sababu ya jinsia yake. Wabunge Edith Green na Patsy Mink na Seneta Birch Bayh ndio waliokibeba. Neno "michezo" halimo katika kifungu hicho. Lakini taasisi zilizopokea fedha hizo zilikuwa na viwanja, mabasi na makocha, na wanasheria wakaanza kuuliza kwa nini vyote vinatumiwa na wavulana. Wakati huo wasichana wa sekondari walioshiriki michezo Marekani nzima hawakufika 300,000. Siku hizi wamevuka milioni tatu.

Mwaka huohuo chama cha michezo ya wanawake vyuoni, AIAW, kilichoongozwa na wanawake wenyewe, kiliandaa michuano yake ya kwanza ya taifa ya mpira wa kikapu. Bingwa akatoka mahali pasipotarajiwa: Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha wasichana karibu na Philadelphia. Ukumbi wao wa michezo ulikuwa umeungua mwaka 1967, kwa hiyo mazoezi yalifanyika katika jengo la wanovisi wa masista. Kocha wao, Cathy Rush, aliajiriwa mwaka 1970 kwa dola 450 kwa msimu mzima. Walipofuzu kwenda Illinois kwenye fainali za 1972 hapakuwa na fedha za safari. Wachezaji wakauza miswaki. Fedha zilizopatikana zilitosha watu wachache tu, hivyo wachezaji wanane ndio waliosafiri, tena kwa tiketi za kusubiri kiti kitakachobaki wazi ndani ya ndege. Kwenye fainali walikutana na West Chester, waliokuwa wamewafunga kwa tofauti ya pointi 32 wiki chache kabla. Safari hii Immaculata ilishinda 52–48. Ikatwaa tena taji mwaka 1973 na 1974.

Kuna picha inayopendwa sana katika simulizi za Immaculata: masista wenye nguo zao za kitawa jukwaani, wakigonga ndoo kushangilia. Watu huicheka kwa upendo. Mimi naona humo uongozi wa chuo uliokaa jukwaani. Masista wale hawakuwa na fedha. Walitoa jengo walilokuwa nalo, wakatoa ruhusa, wakaja wenyewe. Chuo maskini chenye uongozi uliojitokeza kilikwenda kuvishinda vyuo vikuu vya majimbo vyenye maelfu ya wanafunzi. Haikudumu, na sababu ni ileile nauli. Vyuo vikubwa vilipoanza kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa kike, Immaculata haikuweza kufuata. Rush aliondoka mwaka 1977, na chuo hakikurudi tena kileleni.

Aliyewapokonya Immaculata ubingwa ni Margaret Wade. Mwaka 1973 rais wa Delta State, Aubrey Lucas, aliamua kuirudisha timu ya wanawake na akamwomba Wade aifundishe. Alikuwa na miaka sitini. Miaka arobaini baada ya ofisi moja kuifuta timu, ofisi ileile ikairudisha, na mtu wa kuifundisha alikuwa palepale muda wote. Mwaka huo akajiunga Lusia Harris, binti wa wakulima weusi kutoka Minter City, Mississippi, mwenye urefu wa zaidi ya futi sita. Msimu wa 1974–75 Delta State haikupoteza hata mechi moja kati ya 28, na katika fainali iliwafunga Immaculata 90–81. Wakatwaa taji tena mwaka 1976 na 1977.

Harris alifunga kikapu cha kwanza kabisa katika historia ya mpira wa kikapu wa wanawake kwenye Olimpiki, Montreal 1976. Mwaka 1977 timu ya wanaume ya New Orleans Jazz ilimchagua katika usajili wa NBA, akakataa. Alikuwa mjamzito na hakuona kuwa ni jambo la kweli. Wakati huo mchezaji bora wa kizazi chake hakuwa na ligi ya kwenda nchini mwake. Alifariki Januari 2022, na miezi miwili baadaye filamu fupi ya maisha yake ikapata tuzo ya Oscar.

Montreal alikuwepo pia Pat Head, nahodha mwenza wa timu ya Marekani, ambaye wakati huohuo alikuwa tayari kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Tennessee. Aliipata kazi hiyo mwaka 1974 akiwa na miaka 22, baada ya mwalimu aliyekuwa akiishikilia kwenda likizo ya masomo. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Jezi alizifua mwenyewe, gari la timu aliliendesha mwenyewe, na fedha za jezi zilipatikana kwa kuuza donati. Kuna usiku timu ililala juu ya mikeka ya mazoezi ndani ya ukumbi wa wapinzani wao. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Pat Summitt. Alishinda mechi 1,098 na mataji manane ya taifa kati ya 1987 na 2008. Mwaka 2006 akawa kocha wa kwanza wa mpira wa kikapu wa wanawake kulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka.

Watu humsifu Summitt kwa ukali wake, na kweli alikuwa mkali. Lakini nani alimwezesha kubaki miaka 38 mahali pamoja? Tennessee ilifanya jambo ambalo vyuo vichache vilithubutu: mwaka 1976 iliunda idara ya michezo ya wanawake inayojitegemea, yenye mkurugenzi wake, bajeti yake na wadhamini wake. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Gloria Ray, na kuanzia 1983 akawa Joan Cronan, aliyekaa karibu miaka thelathini. Summitt alipohitaji basi, kocha msaidizi au chumba cha kubadilishia nguo, hakupanga foleni nyuma ya timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Aliingia ofisi ya mwanamke ambaye kazi yake yote ilikuwa wanawake.

Kwingineko mambo yalikwenda kinyume. NCAA, chombo cha wanaume kilichokuwa kimepiga vita Title IX kwa nguvu zake zote, kiliona kwamba michezo ya wanawake imekuja kubaki, kikaamua kuichukua. Mwaka 1981 wanachama wake walipiga kura kuanzisha michuano yao ya wanawake. Waliahidi kulipia usafiri wa timu, jambo ambalo AIAW haikuwa na uwezo wa kulifanya. Nauli ikaamua tena. Mwaka 1982 ziliandaliwa fainali mbili za taifa. Ile ya AIAW, Rutgers wakiwafunga Texas 83–77, ilikuwa ya mwisho. Chama kilichowahi kuwa na vyuo zaidi ya 900 kilikufa, kikashindwa mahakamani mwaka 1984, na wanawake waliokuwa wakurugenzi wakajikuta manaibu chini ya wanaume. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni, michezo yote kwa pamoja, zilifundishwa na wanawake. Mishahara ilipopanda wanaume wakaja, na sasa wanawake hawafiki nusu. Sheria ilifungua milango kwa wachezaji huku ofisi zikifungwa kwa walimu wao. Hilo naliona kuwa kosa kubwa la kipindi kile, na halijasahihishwa.

Fainali ya kwanza ya NCAA, Norfolk, Virginia, mwaka 1982, iliwakutanisha Louisiana Tech, waliokuwa wakipewa fedha na hadhi na chuo chao, na Cheyney, chuo kidogo cha watu weusi huko Pennsylvania. Kocha wa Cheyney alikuwa C. Vivian Stringer. Hakuna chuo kingine cha kihistoria cha watu weusi kilichowahi kufika fainali hiyo, kabla wala baada. Cheyney ilifungwa 76–62. Mwaka uliofuata Stringer alikwenda Iowa. Cheyney, ikiwa na kocha mpya, ilirudi kwenye nne bora mwaka 1984, kwa hiyo kuondoka kwa Stringer peke yake hakukuiua timu. Iliyoiua ni hazina tupu ya chuo, kilichoshuka kutoka daraja la kwanza na hatimaye, mwaka 2018, kikajitoa NCAA kabisa. Stringer aliifikisha Iowa nne bora mwaka 1993, kisha Rutgers mwaka 2000 na 2007, akawa kocha wa kwanza kufika huko na vyuo vitatu. Uwezo wake haukubadilika kutoka chuo kimoja hadi kingine.

Kisa cha Marianne Stanley kinauma kwa namna nyingine. Alikuwa ameipa Old Dominion mataji matatu ya taifa kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Southern California, USC. Mkataba wake ulipoisha mwaka 1993 aliomba alipwe sawa na kocha wa wanaume wa chuo hichohicho, George Raveling. Hawakuafikiana, akapoteza kazi. Alikwenda mahakamani na hakushinda. Majaji waliona kazi ya Raveling ina majukumu mengine ya kutafuta fedha na kuuza jina la timu. Lakini nani alimpa Raveling timu inayotangazwa? Chuo kikiweka fedha za matangazo upande mmoja, kisha kikautaja umaarufu wa upande huo kuwa sababu ya kulipa zaidi, hesabu imefungwa kabla haijaanza.

Mtanzania anayefuatilia mpira wa kikapu analijua jina la Connecticut kupitia Hasheem Thabeet, aliyecheza pale kuanzia 2006 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009. Upande wa wanawake wa chuo hicho ndio wenye hadithi kubwa zaidi. Hadi 1985 timu hiyo ilikuwa imepata msimu mmoja tu wa kushinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza. Kamati ya ajira ikiongozwa na Pat Meiser, mwanamke aliyekuwa katika utawala wa michezo wa chuo, ilimchukua Geno Auriemma, mzaliwa wa Italia, aliyekuwa kocha msaidizi Virginia. Hakushinda taji hadi 1995. Jiulize ni chuo gani leo, au klabu gani kwetu, ingemvumilia kocha miaka kumi. Mwaka 2025 alitwaa taji la 12.

Tennessee nayo ilionja upande wa pili. Agosti 2011 Summitt alitangaza kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akiwa na miaka 59. Aprili 2012 akakabidhi timu kwa msaidizi wake wa miaka mingi, Holly Warlick. Alifariki Juni 2016. Mwaka uleule wa 2012 idara ya wanawake iliunganishwa na ya wanaume, na Cronan akastaafu. Warlick aliondolewa 2019, akaja Kellie Harper, mchezaji wa zamani wa Summitt. Naye akaondolewa 2024, akaja Kim Caldwell. Makocha watatu katika miaka kumi na michache, na tangu 2008 timu haijafika nne bora. Wachambuzi wengi huuliza ni kocha gani atakayemrudisha Summitt. Mimi ningeuliza ni nani atakayemrudisha Cronan. Kocha mpya aliingia katika nyumba ambayo mwenye kuisimamia alikuwa ameondoka pamoja na Summitt.

Mwaka 2021 dunia nzima iliona ofisi ilivyo. Michuano ya wanawake iliwekwa San Antonio na ya wanaume Indianapolis. Sedona Prince wa Oregon alirekodi video ya simu: wanaume walikuwa na ukumbi uliojaa vyuma vya mazoezi, wanawake walikuwa na rafu moja ya vyuma vidogo. Waandaaji walisingizia nafasi, naye akaonyesha nafasi tupu ilivyo pana. Uchunguzi huru wa kisheria uliofuata ulithibitisha kwamba tofauti hazikuwa za bahati mbaya. Zilitokana na namna NCAA ilivyojipanga na ilivyouza haki za matangazo. Kuanzia 2022 wanawake waliruhusiwa kutumia jina la kibiashara ambalo michuano ya wanaume ilikuwa imelihodhi. Mwaka 2024 fainali ya wanawake kati ya South Carolina na Iowa ilitazamwa na watu milioni 18.9, ikaizidi ya wanaume. Januari 2025 NCAA ikakubali kuzigawia timu za wanawake fedha za michuano, kama ilivyokuwa ikifanya kwa wanaume miaka mingi. Kocha wa South Carolina, Dawn Staley, alikuwa amekwisha kusaini mwaka 2021 mkataba wa miaka saba wa dola milioni 22.4. Stanley aliomba mapema mno.

Mabinti wa Afrika Mashariki nao wamo. Felmas Koranga wa Kenya aliichezea Troy, Alabama. Jane Asinde wa Uganda aliichezea Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, chini ya kocha Keitha Adams, aliyerudishwa pale mwaka 2023 baada ya kuwahi kukaa miaka 16. Na karibu zaidi na sisi, Mukono, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kimeijenga timu ya wanawake, Lady Canons, ndani ya ligi ya taifa, na kocha wake Nicholas Natuhereza akaifundisha pia timu ya taifa, Gazelles. Kutoka Murongo, unavuka mto Kagera na uko Uganda. Hatuhitaji kupanda ndege kwenda kujifunza.

Sasa narudi Kyerwa na Karagwe. Mwalimu wa michezo katika shule ya kata huwa ni mwalimu wa somo jingine aliyepewa mzigo wa ziada. Akihamishwa, timu ya wasichana inahama naye, kwa sababu haikuwahi kuwa ya shule; ilikuwa yake, kwa moyo wake na mara nyingine kwa mfuko wake. Huko ndiko alikokuwa Summitt na jezi zake za kufua mwaka 1974, na tofauti ni kwamba Tennessee haikumwacha afue peke yake miaka 38.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule, bodi zao, na madiwani wa halmashauri zetu mbili, mnapokaa kupitisha bajeti, andikeni michezo ya wasichana kwa fungu lake, lisilochotwa timu ya wavulana inapofuzu. Nguzo mbili, ubao wa kikapu, mipira, nauli ya kwenda mashindano ya wilaya na kurudi, na jina la mwalimu wa pili atakayebaki wa kwanza akihamishwa. Na mwanamke mmoja awe kwenye kamati inayoamua nani anasafiri.